Krosi, sivi na propela: jinsi ya kuzitunza kwenye Prado inayokula vumbi

Ukisimama kwenye mataa, ukaachia breki na gari likaanza kuondoka, halafu ukasikia "kang'" moja chini ya sakafu, usikimbilie kuamini kwamba gia boksi imekwisha. Mimi niliamini. Gari lilikuwa Prado 120, nilikuwa nimetoka Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu, na mlio huo ulikuja kila nilipoondoka na kila nilipotoa R kwenda D. Gereji ya kwanza walibadilisha maunti za gia boksi, yaani raba zinazoishikilia. Mlio ukabaki. Wakataka kuishusha gia boksi yenyewe. Nikalihamishia gari kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati na shimo la kukagulia. Alilala chini dakika kumi, akatoka na bomba la grisi mkononi, akaniambia: "Mdogo wangu, gia boksi yako nzima. Propela ndiyo umeinyima grisi." Alipampu mara tano kwenye sehemu moja tu. Mlio ukaisha siku hiyohiyo.

Tangu hapo kazi hii naifanya mwenyewe, na naandika mwongozo huu kwa sababu naona magari mengi mazuri yanauawa na imani moja: kwamba gari la kisasa halihitaji grisi. Prado ya 2015 ina kamera na skrini, lakini chini yake kuna vichuchu vya grisi (nipeli) vilevile vinavyokusubiri.

Jua kwanza kilichopo chini

Prado 120, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, na 150 iliyoifuata, zina propela mbili, yaani shafti zinazozunguka kupeleka nguvu, zinazotoka kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma): ndefu inakwenda kwenye difu ya nyuma, boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, fupi inakwenda kwenye difu ya mbele. Kila propela ina krosi kwenye ncha zake. Krosi ni kile chuma chenye umbo la msalaba, kina miguu minne, na kila mguu umevaa kikombe chenye sindano ndogondogo za beringi ndani. Katikati ya propela, au karibu na ncha moja, kuna sehemu inayoteleza: shafti yenye meno imeingia ndani ya bomba lenye meno, ili propela irefuke na kufupika pale springi zinapocheza. Hapo ndipo mzee alipopampu.

Mbele hakuna ekseli nzima inayounganisha magurudumu. Difu imefungwa kwenye chasisi, na kila gurudumu linapata nguvu kupitia shafti yake yenye jointi mbili za sivi: ya nje iliyo karibu na gurudumu, ya ndani iliyo karibu na difu. Jumla sivi nne. Hizi hazina nipeli. Grisi yake imefungiwa ndani ya raba buti, na raba hiyo ndiyo uhai wao.

Kwa nini mbele hawakuweka krosi ya kawaida? Krosi moja ikikunjwa haizungushi sawasawa. Upande wa pili wake huongeza kasi mara mbili na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko mmoja, na kadiri pembe inavyokuwa kali ndivyo unavyozidi kuyumba. Kwenye propela ndefu, krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza. Kwenye gurudumu linalokata kona hadi mwisho, mtikisiko huo ungekuja mpaka kwenye usukani. Ndiyo maana sivi ya nje hutumia gololi, kwa kawaida sita, zinazokimbia kwenye mifereji iliyochongwa kwa pembe maalumu, muundo uliotokana na kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa miaka ya 1920. Gololi hizo na mifereji yake zinataka usafi. Chembe za mchanga zikiingia, zinasaga chuma kama jiwe la kunolea kisu.

Ukiwa na RAV4, X-Trail au gari jingine la aina hiyo, mambo ni tofauti kidogo. Krosi zake nyingi zimefungwa kiwandani bila nipeli, na propela ina beringi ya kati iliyoning'inizwa kwenye raba. Hapo kazi yako ni kukagua na kusikiliza, kwa sababu pa kupampu hapapo.

Kabla hujaingia chini

Tafuta sakafu ngumu na tambarare. Weka kabari kwenye matairi, mbele na nyuma ya tairi, na uvute breki ya mkono. Usitegemee P peke yake. Pingu ya P iko ndani ya gia boksi na inashika magurudumu kwa kupitia propela. Ukifungua propela, au ukinyanyua gurudumu moja juu, gari linaweza kuondoka huku lever ikiwa kwenye P. Breki ya mkono ya Prado inashika magurudumu ya nyuma yenyewe, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuaminiwa, pamoja na kabari. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukitaka kuingiza mwili chini, gari likae juu ya stendi. Kwa kazi ya kupaka grisi huhitaji hata jeki: Prado ina nafasi ya kutosha, na ni vizuri zaidi gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, sababu nitaieleza.

Andaa bomba la grisi lenye mpira unaopinda, matambara mengi, brashi ya waya, tochi, na kalamu ya rangi nyeupe. Grisi iwe ya lithiamu, daraja la NLGI 2 (kipimo cha ugumu wa grisi). Kwenye sehemu inayoteleza na kwenye jointi ya krosi mbili zilizounganishwa, ambayo propela za mbele za baadhi ya magari haya zinayo, soma kitabu cha gari: mara nyingi hapo wanataka yenye molibdenamu, ile nyeusi. Usichanganye grisi usizozijua. Grisi mbili za msingi tofauti zinaweza kuyeyushana zikawa maji na kutoka zote.

Kagua kabla ya kupaka

Watu wengi wanaanza na bomba. Mimi nakuomba uanze na macho na mikono, kwa sababu grisi mpya huficha ushahidi.

Shika propela kwa mkono mmoja karibu na krosi, na mkono mwingine ushike flanji, lile bamba la bolti, ya upande wa pili. Zungusha mikono kwa kupishana, kama unayekamua nguo. Propela yote itacheza kidogo kwa sababu meno ya difu yana nafasi yake, na hilo si kosa. Unachokitazama ni pale kikombe cha krosi kinapoingia kwenye uma, yaani mikono miwili inayoshika krosi. Flanji ikitangulia na shafti ikafuata kwa kuchelewa, hata kwa unene wa kucha, krosi hiyo imekwisha. Kisha sukuma propela juu na chini. Krosi iliyo nzima haitikisiki kabisa.

Tazama unga. Kikombe kilichokauka hutoa vumbi jekundu la kutu pembeni mwa sili yake (raba ya kuziba). Nimewahi kufungua krosi ya namna hiyo: kikombe kilitoka chepesi, na badala ya sindano nikakuta unga mwekundu mkavu kama ugoro, na mguu wa krosi umechorwa mistari iliyosimama, kila mstari pale sindano ilipolala. Gari hilo lilikuwa bado linatembea. Mwenyewe alikuwa analalamikia mlio wa ndege, "chwi, chwi, chwi", unaosikika gari likitembea polepole pembeni ya ukuta na kuongezeka mwendo kadiri magurudumu yanavyozunguka. Ukisikia mlio huo, usichelewe kuchukua hatua. Krosi ikivunjika kwenye mwendo, propela inaweza kuanguka na kupiga sakafu, mabomba ya mafuta au ya breki.

Tazama pia matope. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka upande mmoja wa propela, unaharibu balansi yake. Utakuta vibati vidogo vimechomelewa kwenye bomba la propela. Ndivyo vilivyowekwa kiwandani kuisawazisha. Visipoguswa vinafanya kazi yao, lakini donge la udongo lenye ukubwa wa ngumi linazishinda hesabu zote. Kabla ya kutoa hela kwa ajili ya mtetemo wa kilomita 80 kwa saa, osha propela.

Na mtetemo wenyewe una namna ya kuupima. Ushike mwendo unaotetema, kisha ubadilishe gia ili injini ipande au kushuka mizunguko huku mwendo ukibaki uleule. Mtetemo ukibadilika, tafuta kwenye injini na maunti zake. Ukibaki vilevile, ni matairi au propela. Anza na balansi ya matairi, ndiyo rahisi.

Kupaka grisi

Propela ya kawaida ya Prado ina nipeli tatu: moja kwa kila krosi, na moja kwenye sehemu inayoteleza. Kama nipeli imejificha juu, mtoe kila mtu chini ya gari, sogeza gari nusu mzunguko wa tairi, weka kabari tena.

Futa nipeli mpaka ing'ae. Hili wengi wanaliruka, na mchanga uliokaa juu ya nipeli ndio wa kwanza kusukumwa ndani ya beringi. Chomeka mdomo wa bomba ukiwa umenyooka na upampu polepole. Kwenye krosi, endelea mpaka grisi ya zamani itoke na mpya ifuate kwenye sili zote nne. Nne, si moja. Angalia inayotoka: nyeusi ni ya kawaida, ya maziwa imeingiwa na maji, ya rangi ya kutu inakwambia kikombe kilikuwa kikavu, na yenye kumetameta imebeba chuma.

Kikombe kimoja kikigoma kutoa, sukuma propela upande wa kinyume chake huku unapampu, au sogeza gari kidogo ujaribu tena. Kikiendelea kugoma, njia ya grisi imeziba na mguu huo unakufa peke yake wakati mingine mitatu inanawiri. Panga kubadilisha krosi. Usitumie bomba la upepo la gereji hapa, maana msukumo wake unaweza kupasua sili.

Sehemu inayoteleza inataka mkono mwingine kabisa. Hapa husubiri grisi itoke. Grisi ikijaa ndani haina pa kwenda, propela haiwezi tena kufupika, na springi zikishuka kwenye shimo, nguvu yote inasukuma beringi za transfa na difu. Pampu mara tatu hadi tano, huku unatazama: ukiona propela inaanza kujirefusha, acha papo hapo. Ndiyo sababu ya kutaka gari likae kwenye matairi. Ukipaka likiwa limenyanyuliwa na ekseli ya nyuma inaning'inia, propela imejivuta, utaijaza kupita kiasi bila kujua.

Mimi hupaka kila kilomita 5,000, siku ileile ya kumwaga oili. Na kila nikivuka maji yaliyofika kwenye habu, hupaka jioni hiyohiyo nikifika, kabla maji hayajalala kwenye beringi. Njia ya Natron ina makorongo ya mchanga na majivu ya volkano laini kama unga wa ngano. Ukipita huko, kilomita 5,000 ni nyingi. Na unapoosha gari kwa mashine ya presha, usielekeze mdomo wake kwenye sili za krosi wala kwenye raba buti.

Raba buti za mbele

Kata usukani hadi mwisho kulia, ukague raba ya nje, kisha kushoto. Mikunjo ifungue kwa vidole, kwa sababu ufa huanzia chini ya mkunjo, hauonekani raba ikiwa imejikunja. Pitisha tochi upande wa ndani wa rimu na kwenye mkono wa chini wa sasipensheni: mstari wa grisi nyeusi iliyorushwa unakuambia raba imepasuka au klipu imelegea, hata kama hujauona ufa.

Ukiukuta ufa wiki ileile na sivi haina mlio, furahi, maana unatoka na raba mpya tu. Shafti itolewe, jointi ioshwe kwa mafuta ya taa mpaka gololi zionekane chuma cheupe, ikaushwe kabisa, iwekwe grisi yote iliyokuja na raba hiyo, sehemu kwenye jointi yenyewe na sehemu ndani ya raba, kisha klipu mpya zikazwe kwa koleo lake. Nimeona raba zimefungwa kwa mpira wa tyubu na waya, na nimeona nyingine zimegandishwa kwa gundi. Porini hiyo inakufikisha nyumbani. Ukiiacha mwezi mzima inakuwa mfuko wa kutunzia mchanga.

Kazi ya kuchomoa shafti mwachie fundi kama hujawahi kuifanya, lakini simama naye. Asiivute kwa kushika shafti yenyewe, maana jointi ya ndani inaweza kuachana. Waya wa ABS (wa kihisi cha mwendo wa gurudumu) ulegezwe kwanza. Pini ya nati ya habu iwe mpya. Sili ya difu itazamwe, na oili iliyomwagika irudishwe kwa kipimo.

Kupima sivi ya nje, tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole ukiongeza mafuta kidogo. Sivi iliyochoka hulia "ka-ka-ka-ka", na mara nyingi ni ya gurudumu la nje ya kona: ukikata kulia, shuku ya kushoto. Sivi ya ndani haina mlio huo. Yenyewe hutikisa gari unapokanyaga mafuta kwa nguvu na kutulia unapoachia. Ikishaanza kulia, grisi mpya haiirudishi. Na kama gari limenyanyuliwa kwa spesa ili lipate kimo, tegemea raba kuchanika mapema, kwa sababu sivi zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa hata barabara ikiwa imenyooka.

Kubadilisha krosi

Kabla ya kulegeza bolti yoyote, chora mistari miwili ya rangi: mmoja unaovuka flanji na mwenzake, mwingine unaovuka sehemu inayoteleza. Wapo mafundi wanaokwambia uma za ncha mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Kwa propela nyingi ni kweli, lakini propela za mbele za baadhi ya Toyota zimepishanishwa makusudi kiwandani. Alama yako inamaliza ubishi. Ukikosea jino moja tu, krosi mbili zinaacha kufutiana makosa na gari litatetema ukiwa na vipuri vipya.

Peleka krosi ya zamani dukani, iwe Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi, na upime kwa kipimo: kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Jina la gari pekee halitoshi. Hakikisha mpya ina nipeli.

Safisha mifereji ya saklipu, vile vipete vya chuma vinavyozuia vikombe visitoke, uzitoe, kisha tumia jiliwa: soketi ndogo inasukuma kikombe upande mmoja, soketi kubwa inakipokea upande wa pili. Nyundo iwe ya mwisho. Wakati wa kuingiza vikombe vipya, pakaa grisi ndani ili sindano zisimame, na uongoze mguu wa krosi taratibu. Saklipu ikikataa kuingia kwenye mfereji wake, simama. Karibu kila mara sindano moja imeanguka na imelala chini ya kikombe. Ukipiga nyundo hapo umeua krosi mpya kabla haijatembea mita moja. Toa, isimamishe, rudia. Saklipu huuzwa kwa unene mbalimbali. Tumia zile zinazoondoa mchezo wote, na pande mbili zinazotazamana ziwe na unene sawa ili shafti ibaki katikati. Mwisho gonga uma kidogo kwa nyundo ya plastiki, ukunje krosi kwa mkono: inatakiwa iende pande zote bila kukwama.

Nipeli ielekee mahali bomba litakapofika. Funga bolti kwa toki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye kitabu, halafu baada ya kilomita 500 rudi chini uzikaze tena.

Ikikukuta porini

Krosi ya propela ya nyuma ikikatika mbali na gereji, Prado yenye kuendesha magurudumu manne muda wote bado inaweza kukutoa. Weka kabari, chora alama zako, fungua bolti nne kila upande, toa propela nzima na uiweke ndani ya gari. Kusanya bolti zote kwenye chupa. Funga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na magurudumu ya mbele yatakuvuta. Nenda polepole, usikanyage mafuta kwa kishindo kwenye mlima, kwa kuwa mzigo wote sasa uko kwenye sivi za mbele, na ukisimama tumia breki ya mkono na jiwe. Ikiwa iliyokatika ni ya mbele, fanya vilevile na utarudi kwa magurudumu ya nyuma. Mimi hubeba spana mbili za saizi ya bolti hizo kwenye boksi la vifaa, na zimefungwa pamoja na bomba la grisi.